Nyuzi Sita za Joto: Chuma cha Kusubu kutoka Coalbrookdale hadi Chang'ombe

Katika yadi za vyuma chakavu zilizotapakaa Temeke, kuanzia pembezoni mwa Barabara ya Nyerere hadi Tandika na Mbagala, mzani haubagui. Bloku la injini lililopasuka, miguu ya cherehani, ngoma ya breki ya lori, pasi ya mkaa iliyopoteza kifuniko: vyote hupandishwa mzanini na kulipwa kwa kilo. Vyote pia ni vya ukoo mmoja. Ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikawa uji, kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikaachwa kigande. Hakikufuliwa na mhunzi, wala hakikupitishwa kwenye roli za kiwanda kama nondo.

Sasa chukua nyundo nzito uvunje vipande viwili. Kimoja ndani kitakuwa cha kijivu, na ukikipapasa kidole kinatoka na weusi. Weusi huo ni grafiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli. Kipande hicho fundi atakikereza bila taabu, atakitoboa, atakikwangua. Kingine kitavunjika kwa sura nyeupe inayometameta. Tupa itateleza juu yake na keekee ya kawaida itatoka butu. Ukivipeleka maabara, huenda ukaambiwa kwamba vina kaboni ileile kwa kiasi kilekile. Kilichovitenganisha ni dakika chache za kuganda, siku vilipomiminwa.

Historia ya dakika hizo ni ndefu, imepita mbali, na jiji la Dar es Salaam limeipokea kwa mlango wa nyuma. Tulipokea kwanza vitu vilivyokwisha kuganda, tukavitumia vikachakaa, na sasa tunaviyeyusha upya bila cheti cha kuzaliwa.

Tuanze na jambo lenyewe. Chuma cha kusubu hubeba kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, ilhali nondo ya ujenzi haifiki hata nusu asilimia. Chuma kikiwa uji, kaboni hiyo yote imeyeyuka ndani yake. Kinapoanza kuganda haiwezi kubaki hivyo, na njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza ni kujikusanya peke yake ikawa vipande vyembamba vya grafiti vilivyotawanyika ndani ya chuma. Hicho ndicho chuma kijivu. Ya pili ni kushikana na chuma chenyewe, atomu tatu za chuma kwa moja ya kaboni, ikazaa kabidi ya chuma, kitu kigumu mno na chepesi kuvunjika. Hicho ndicho chuma cheupe.

Njia ya grafiti hufunguka kwenye nyuzi 1,153 hivi za Selsiasi. Njia ya kabidi hufunguka kwenye nyuzi 1,147 hivi. Katika joto linalokaribia mara kumi na mbili la maji yanayochemka, kinachotenganisha kijivu na cheupe ni nyuzi sita. Grafiti hutangulia, lakini ni nzito kuanza, kwa kuwa kaboni inahitaji muda wa kusafiri na kukusanyika. Chuma kikipoa polepole, muda huo upo. Kikipoa haraka, nyuzi zile sita hupitwa kabla grafiti haijaota, na kabidi hutwaa kila kitu. Ndiyo maana kitu kimoja kilichomiminwa kwa mkupuo mmoja kinaweza kuwa cheupe kwenye ukingo mwembamba uliogusa mchanga baridi, na kijivu katikati penye unene. Silikoni huipanua nafasi ile ya nyuzi sita, na kromi huifinya. Karibu kila alichokifanya msubuji wa chuma duniani kwa miaka elfu mbili na mia kadhaa kilikuwa ni kuchezea nafasi hiyo, ajue asijue.

Kwetu, chuma kilianza kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao juu ya tanuri za Wahaya kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, na kuonyesha kwamba huko chuma cha kaboni kilifuliwa tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wafipa nao walijenga tanuri ndefu kupita kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo. Katika tanuri hizo chuma hakikuchuruzika. Kilitoka kikiwa bonge lenye takataka za mawe, likachomwa tena na kupigwa nyundo mpaka likawa jembe au mkuki. Bonge likinyonya kaboni kupita kiasi, huyeyuka, na likigonganishwa na nyundo hupasuka. Kwa mhunzi huyo ni mali iliyoharibika, na alikuwa na haki ya kuitupa. Wahunzi wa Ulaya nao waliitazama hivyo kwa karne nyingi.

Wachina ndio waliokataa kuitupa. Kabla ya karne ya 4 KK walikwisha kumimina majembe na plau kwenye kalibu. Chuma chao, kilichoyeyushwa kwa mkaa wa kuni, kilikuwa na silikoni kidogo, kwa hiyo kwa sehemu kubwa kiliganda cheupe na kuvunjika kama kigae. Walichofanya ni kukirudisha tanurini kwa muda mrefu katika joto lisilofikia kukiyeyusha, mpaka kabidi ikaachia kaboni yake na chuma kikalegea. Nadhani huo ni mmoja wa uvumbuzi mkubwa wa kale ambao hautajwi vya kutosha: kuharibu kitu kwa makusudi, kisha kukitengeneza kwa subira.

Ulaya ilichelewa, kisha ikaja kwa kishindo. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Mwaka 1709, huko Coalbrookdale, akaanza kuyeyusha mawe ya chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa kutolewa moshi na sehemu ya salfa. Watu husimulia habari hiyo kama habari ya kuokoa misitu. Kwa msubuji wa vyungu, faida ilikuwa nyingine. Chuma cha tanuri la koki kilitoka na silikoni nyingi zaidi, na silikoni ilikisaidia kuganda kijivu hata kilipomiminwa chembamba. Kuta za chungu zikaweza kupunguzwa unene bila kugeuka nyeupe na kupasuka jikoni. Darby hakujua silikoni ni nini. Elementi hiyo ilikuja kutengwa na kupewa jina zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Mfaransa Réaumur, ambaye wengi wanamjua kwa kipimajoto chake, alichapisha mwaka 1722 kitabu juu ya kulainisha chuma cha kusubu. Alivunja vipande, akatazama sura za mivunjiko, akavipanga kwa rangi, kisha akaonyesha jinsi chuma cheupe kinavyoweza kufungiwa ndani ya unga wa mawe ya chuma na kuokwa siku nyingi mpaka kikubali kupinda. Mmarekani Seth Boyden alijaribu kumfuatisha huko Newark, New Jersey, na kufikia mwaka 1826 alikuwa amepata kitu tofauti: chuma chenye moyo mweusi, kwa sababu kaboni yake haikutoka nje bali ilijikusanya ndani kama vifundo. Viungio vingi vya mabomba ya maji ambavyo mafundi wetu huviita elbo na tii ni wajukuu wa kazi hiyo.

Katika pwani yetu, ushahidi mkubwa wa chuma cha kusubu uko Unguja. Sultani Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, baraza zake pana zilibebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Tangu Daraja la Chuma la Coalbrookdale lilipojengwa mwaka 1779, Uingereza ilikuwa imekipenda chuma hiki kwa madaraja, viwanda na stesheni, kisha ikaanza kukiogopa. Mwaka 1847 daraja la reli juu ya Mto Dee lilikatika na kuua watu. Mwaka 1879 daraja la Mto Tay huko Scotland liliangushwa na dhoruba likiwa na treni juu yake. Chuma kijivu hustahimili sana kukandamizwa, lakini kikivutwa au kupindwa, kila kipande cha grafiti huwa mwanzo wa ufa. Kwa nguzo zinazosimama wima na kubeba dari, basi, chaguo la Barghash halikuwa baya, na nguzo hizo zilikuwapo Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilipoisambaratisha kasri ya jirani. Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, baada ya miaka 137 ya chumvi, mvua na matengenezo ya kuahirishwa. Sitathubutu kusema ni nguzo ipi au boriti ipi iliyoanza.

Chuma cha kusubu kilichoingia majumbani mwa watu kilikuja na cherehani. Singer walifungua kiwanda chao kikubwa cha Clydebank, Scotland, katika miaka ya 1880, na mashine zao zilisambaa katika maduka ya mwambao na bara. Baadaye zikaja Butterfly za Shanghai. Tazama miguu ya cherehani ya kukanyaga: imejaa maua na matao membamba. Kusubu kitu chembamba hivyo kikatoka kijivu si mchezo. Wasubuji walitumia chuma chenye silikoni nyingi, na mara nyingi fosforasi, ambayo hufanya uji uwe mwepesi ukafika kila kona ya kalibu. Fosforasi hudai malipo yake, maana chuma hicho ni kikavu. Mguu wa cherehani ukianguka kutoka kwenye mkokoteni hukatika papo hapo, haupindi. Mafundi cherehani wa Manzese na Tandika wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Sayansi yenyewe ilichelewa kuliko kazi. Mwaka 1863 Henry Clifton Sorby wa Sheffield alianza kusugua vipande vya chuma mpaka vikang'aa, akavipaka asidi, akaviweka chini ya hadubini. Mwaka 1900 Mholanzi Bakhuis Roozeboom alichora ramani ya chuma na kaboni iliyoonyesha ni kipi huganda katika joto lipi. Katika miaka ya 1920 Augustus Meehan wa Tennessee alionyesha kwamba ukitupia kwenye ndoo ya uji wa chuma kiasi kidogo cha mchanganyiko wenye silikoni, sekunde chache kabla ya kumimina, chuma ambacho kingeganda cheupe huganda kijivu kizuri. Chembe zile huwa mbegu za grafiti. Mwaka 1948 ikatangazwa hatua kubwa kuliko zote: kwa kutumia seri au magnesi, grafiti iliweza kulazimishwa kuganda kwa umbo la duara badala ya vipande, na chuma cha kusubu kikaacha kuvunjika kirahisi. Mabomba makuu ya maji ya miji mingi siku hizi ni ya aina hiyo.

Msomaji asidhani kwamba cheupe ni aibu ya msubuji siku zote. Nenda Kinondoni, Wazo Hill, Tegeta, ambako saruji imesagwa tangu mwaka 1966. Kinu cha saruji cha aina ya pipa kubwa linalozunguka husaga kwa mipira ya chuma inayoangukiana mchana na usiku. Mipira ya chuma kijivu ingeisha upesi ikawa unga pamoja na saruji. Kwa hiyo vinu vya namna hiyo duniani kote hutumia sana chuma cheupe kilichotiwa kromi nyingi, kwa makusudi, ili grafiti isipate nafasi hata kidogo. Vivyo hivyo kwa roli za viwanda: ukitaka uso mweupe mgumu na moyo kijivu usiovunjika, weka bamba la chuma baridi ndani ya kalibu upande unaotaka ugumu. Chuma kikiligusa hupoa ghafla na kuganda cheupe, na huku nyuma kinabaki kijivu. Kile kilichomsumbua Darby kimekuwa bidhaa.

Upande wa Temeke, historia ilikuja kwa reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na stesheni yake ikasimama kando ya Barabara ya Pugu ya wakati huo, Nyerere ya leo. Waliokuja kuijenga walitoka China, nchi iliyokuwa na uzoefu mrefu wa chuma cha kusubu kuliko nchi yoyote, ingawa sidhani kama kuna aliyelisema hilo kwenye hotuba za uzinduzi. Reli ni mlaji mkubwa wa chuma kijivu. Pedi ya breki ya zamani inayosugua gurudumu la behewa ni bonge la chuma cha kusubu, na lazima liwe kijivu: grafiti husaidia msuguano uwe laini na joto litoke. Likiwa na doa jeupe ndani yake, doa hilo hula gurudumu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikajikuta imetengana na karakana kubwa za reli zilizokuwa Nairobi. Muda si mrefu vikafuata vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukame wa fedha za kigeni. Aliyeishi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 anakumbuka mabasi ya UDA yaliyolazwa kwa kukosa kifaa kimoja. Hapo ndipo swali la kusubu vipuri hapa nyumbani likawa la lazima. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilikwisha kuanzishwa mwaka 1973, TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, ikafuata mwaka 1979 na makao yake Msasani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, IPI. Ubungo, China ilikuwa imesaidia kujenga kiwanda cha zana za kilimo, UFI. Jembe la mkono, hata hivyo, ni kazi ya kufua na kukata bamba la chuma. Kusubu bloku, pampu au puli ni elimu nyingine, na kwa maoni yangu elimu hiyo haikupata kamwe uzito uliopewa bati, nondo na majembe.

Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, alipofungua milango ya biashara, haja ile ikapoa. Injini zilizotumika zikaingia kwa makontena, na Gerezani ikajaa vipuri vya kila namna. Kwa nini usubu silinda hedi ikiwa ya Kijapani inauzwa barabarani? Mantiki hiyo haina kosa dukani. Ila kila injini iliyoingia ni chuma cha kusubu kilichoingia, na leo kipo kwenye yadi tulizoanza nazo.

Watu wengi wakisikia mafundi wetu wanayeyusha vyuma hufikiria wale wanaosubu sufuria. Hao wanayeyusha aluminiamu, ambayo huwa uji kwenye nyuzi 660, na tanuri la mkaa lenye feni linatosha. Chuma hudai zaidi ya mara mbili ya joto hilo, karibu nyuzi 1,400, kabla ya kumimina. Kinahitaji tanuri la umeme au la koki. Zipo karakana zinazofanya hivyo, lakini malighafi yao ni ile ya mzanini: bloku, ngoma, pampu na vipande vya nondo vilivyochanganyika. Hapa ndipo nyuzi sita zinaporudi kulipiza. Kila chuma kinapoyeyushwa upya kwenye tanuri la koki, sehemu ya silikoni huungua na salfa huongezeka. Nondo zikizidi, kaboni na silikoni hupungua pamoja. Baadhi ya bloku na ngoma zilitiwa kromi kiwandani, na kromi haiandikwi juu ya kitu chakavu. Vyote hivyo vinasukuma upande mmoja, upande wa cheupe. Puli ikitoka na kingo nyeupe, fundi kereza huvunja visu, humlaumu msubuji, na msubuji hulaumu mchanga.

Fundi wa kuchomelea anakutana na kitu hichohicho akiwa na rodi mkononi. Akiunga ufa wa bloku kwa haraka, chuma kilichoyeyuka kando ya mshono hupozwa mara moja na bloku zima lililo baridi, kikaganda cheupe. Baada ya nusu saa unasikia mlio mdogo, na ufa mpya uko kando ya ule wa zamani. Mafundi wazoefu hulipasha bloku kwa mkaa kwanza, huunga kwa vipande vifupi kwa rodi za nikeli, au huunga kwa shaba, kisha hulizika kwenye majivu au mchanga mkavu lipoe usiku kucha. Hiyo ni sayansi ya Réaumur na ya Roozeboom, ikifanyika chini ya mwembe huko Yombo. Huwa nashangaa tunapowaita hawa watu wasio na elimu.

Suluhisho kwa wasubuji limekuwapo kwa miaka mingi, na gharama yake ni mchanga kidogo. Linaitwa jaribio la kabari. Kabla ya kumimina kazi, msubuji huchota uji kidogo na kuumimina kwenye kalibu ndogo yenye umbo la kabari, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Ikiganda huivunja na kutazama. Ncha itakuwa nyeupe, shina litakuwa kijivu, na mahali rangi inapobadilika panamwambia ni unene gani wa kazi yake utakaotoka salama. Weupe ukizidi, anaongeza silikoni kwenye ndoo na kujaribu tena. Hahitaji hadubini wala maabara, na kwa mazoezi kazi yote haichukui robo saa.

Liganga, Ludewa, bado ina mawe yake ya chuma yenye titani na vanadi, na mkataba uliotiwa saini mwaka 2011 kati ya NDC, shirika la maendeleo la taifa, na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda umekaa miaka mingi bila kutupatia chuma. Karakana za Temeke haziwezi kuusubiri. Zitaendelea kuyeyusha skrepa, na skrepa haina cheti. Basi chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, SIDO na TIRDO wafundishe kabari hii katika kila karakana inayomimina chuma, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na mteja anayeagiza puli au pampu aombe kuonyeshwa kabari iliyovunjwa siku kazi yake ilipomiminwa.